Kipupwe Kinapoaga, Ngozi Nayo Inataka Kusikilizwa



Toleo hili linawafikia wakati kipupwe kinafungasha. Kule Makete na Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai zipo asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani, masweta mazito yanarudi sandukuni. Nairobi na Limuru ukungu wa asubuhi umepungua. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa upepo wa kusi unalegea, na usiku mtu anaanza kulisukuma shuka pembeni. Nguo tumekwisha kuzibadili. Lakini tukitazama pale tunapoweka vitu vyetu vya kujipaka, mambo ni yale yale ya Juni: kopo kubwa la mafuta ya mgando, sabuni ile ile, na mkono unaochota kiasi kile kile.

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya ngozi ya mama na ya watoto wake wakati wa kutoka baridi kwenda joto. Tutaanza na mambo madogo ya kila siku, kisha tutafika kwenye jambo ambalo si dogo hata kidogo, nalo ni mkorogo.

Wakati wa baridi hewa nyingi ya nchi yetu huwa kavu na upepo hauishi. Ngozi hupoteza maji, hupauka, na visigino hupasuka magaga. Wengi wetu hudhani kwamba mafuta huongeza maji katika ngozi. Sivyo. Kazi yake ni kufunika ili maji yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana mafuta ya mgando yanafaa sana wakati wa baridi, hasa yakipakwa mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Joto linapokuja, mwili unataka kutoa jasho ili upoe. Ukiendelea kuuziba kwa mgando, basi jasho, vumbi na mafuta hukaa pamoja juu ya ngozi, na ndipo vipele vinapoanza.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni wa kupunguza, nao hauna gharama. Kopo la mgando lisitupwe. Libaki kwa visigino, viwiko, magoti na midomo. Sehemu nyingine za mwili zipate losheni nyepesi au mafuta kidogo ya nazi, kiasi cha kuondoa mpauko tu. Kung'aa mafuta saa sita mchana ndani ya daladala si urembo, ni kukusanya vumbi la barabara nzima.

Hatusemi kwamba nchi nzima ifuate utaratibu mmoja. Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga, mwezi wa Oktoba huwa na joto na ukavu kwa pamoja, kwa kuwa mvua bado. Mama wa huko apunguze polepole. Wengi hupenda gliserini, na ni nzuri kwa sababu huvuta maji. Lakini ikipakwa peke yake katika hewa kavu huweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe, tena vumbi hunata juu yake. Ichanganye na maji safi kiganjani kabla ya kujipaka. Pwani ni kinyume kabisa. Hewa yenyewe imejaa maji, na wakati wa kaskazi wapo akina mama ambao hawahitaji kujipaka chochote isipokuwa miguuni. Kule nyanda za juu, asubuhi bado ni baridi na mchana jua linawaka. Jipake kidogo asubuhi, usirudie mchana.

Maji ya kuoga nayo yabadilike. Maji ya moto sana yaliyotufariji mwezi wa Julai huondoa mafuta ya asili ya ngozi, basi sasa yatosha maji ya vuguvugu au ya kawaida. Oga mara mbili ukihitaji, ila sabuni kali isipakwe mwili mzima kila mara. Ielekeze kwapani, kwenye mapaja na miguuni. Sabuni ya kufulia ibaki kwenye nguo. Na dodoki lile linaloning'inia bafuni likiwa bichi mchana kutwa, lianike juani, na kila mmoja nyumbani awe na lake.

Joto huleta na wageni wengine wawili. Wa kwanza ni chunusi za paji la uso. Mama huhangaika na uso wake, kumbe chanzo ni mafuta ya nywele yanayoyeyuka na kuteremka, kisha kilemba kinayabana pale pale. Punguza mafuta ya nywele karibu na paji, na vilemba vifuliwe mara kwa mara. Wa pili ni utangotango, yale mabaka meupe meupe ya kifuani, mgongoni na shingoni. Si uchafu, wala si dalili kwamba mtu haogi. Ni ukungu mdogo unaoishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu, nao hushamiri kwenye joto, jasho na mafuta. Dawa zake zipo katika maduka ya dawa na si ghali. Jambo la kukumbuka ni kwamba hata ukungu ukifa, rangi ya ngozi huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kurudi. Wengi hukata tamaa hapo katikati, wakaanza kununua tyubu moja baada ya nyingine bila kujua ndani mna nini. Tutarudi kwenye tyubu hizo.

Sasa tuje kwa mtoto mchanga. Hapa tunajua tunagusa mambo ya bibi na mama mkwe, nasi tunawaheshimu. Lakini mtoto wa Kigamboni kuvikwa kofia ya sufi, soksi, fulana mbili na blanketi mwezi wa Novemba, huku amepakwa mafuta mpaka anateleza, ni mateso kwake. Vijitundu vya jasho vya mtoto ni vidogo, huziba upesi, na jasho likikosa njia hubaki chini ya ngozi na kuleta harara: vile vipele vidogo vya shingoni, kifuani na kwenye mikunjo. Mtoto hujikuna, hulia, halali, na mama naye halali. Dawa ya harara kwa kawaida si dawa. Ni kumpunguzia nguo, kumwogesha kwa maji ya kawaida, kumkausha vizuri kwenye mikunjo na kumwacha apate hewa. Nguo moja nyepesi ya pamba yatosha mchana. Ukitaka kujua kama anaona baridi, mshike kifua au mgongo, usimshike viganja, kwa kuwa viganja vya mtoto mchanga huwa vya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Poda nayo hatuishauri. Ikikutana na jasho hugeuka kama uji kwenye mikunjo, na vumbi lake mtoto hulivuta mapafuni.

Kumwambia mama mkwe haya yote si kazi nyepesi. Twashauri usimpinge mbele ya watu. Mwombe yeye mwenyewe amshike mtoto mgongoni aone jasho. Au nendeni naye kliniki siku ya kupima uzito, muuguzi amweleze. Neno la muuguzi lina uzito ambao la mkwe halina.

Baada ya hayo tutazame jua. Tarehe 22 au 23 Septemba jua hupita juu kabisa ya ikweta likielekea kusini. Mwanza hulipata utosini mwishoni mwa Septemba, Dar es Salaam yapata tarehe 10 Oktoba, na Mbeya siku chache baada ya hapo. Siku hizo, saa sita na nusu mchana, kivuli chako hujificha chini ya miguu yako. Mionzi ya jua iunguzayo ngozi, ambayo wataalamu huiita mionzi ya urujuanimno, huwa na nguvu sana wakati huo kwa sababu hupita katika hewa kwa njia fupi. Joto siyo kipimo chake. Kadiri unavyopanda mlima mionzi hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mama wa Njombe, aliye kwenye mita kama 2,000, akiona kaubaridi hudhani jua ni pole, kumbe anga likiwa jeupe anapata mionzi mikali kuliko dada yake anayetokwa jasho Tanga. Kipimo rahisi ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali.

Ngozi nyeusi imepewa kinga yake. Ile rangi yetu, melanini, huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, na ndiyo sababu saratani ya ngozi itokanayo na jua ni adimu kwa watu weusi. Kwa hiyo hatutaki mama avunje bajeti ya nyumba kununua losheni ya kukinga jua kwa kuwa ameona picha katika gazeti. Kanga ya pamba, mikono mirefu, kofia pana na mwavuli vinamtosha mwanamke wa shamba na wa sokoni, ambaye hakuna anayeweza kumwambia abaki ndani kuanzia saa nne hadi saa kumi. Wapo wanaohitaji zaidi. Mmoja ni mama aliyepata madoa meusi ya mashavuni kutokana na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango. Madoa hayo mara nyingi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua, lakini jua huyashikilia yasiondoke. Kwake kofia kila siku, na losheni ya kukinga jua kama uwezo upo, hasa ile yenye rangi rangi ya ngozi, ni msaada wa kweli.

Mwingine ni mtoto mwenye ualbino. Yeye hana melanini ya kutosha, na jua kwake ni suala la uhai, kwani saratani ya ngozi imewaua wengi wao wakiwa bado vijana. Huyu hana majira. Anahitaji kinga mwaka mzima: kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na losheni ya kukinga jua. Pale KCMC, Moshi, ndipo ilipoanza kutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizeni katika hospitali ya mkoa wenu na katika chama cha watu wenye ualbino namna ya kuipata. Na mama akaongee na mwalimu mkuu kabla ya muhula, ili mtoto asilazimishwe kuvua kofia wakati wa gwaride wala kufanya kazi za bustani saa sita mchana.

Mkorogo sasa. Huu ndio wakati wake, kwa maana Desemba inakaribia na harusi ni nyingi. Baadhi ya akina mama huanza Septemba ili Krismasi iwakute "wameng'aa". Hesabu hiyo ni mbaya mno. Huyo anajivua kinga yake ya asili mwezi ule ule ambao jua linakuja kusimama juu ya utosi wake.

Katika makopo hayo huwamo moja au zaidi ya vitu vitatu. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ikitumika kwa muda mrefu, tena juani, ngozi huweza kugeuka na kuwa na weusi wa kibuluu usoni, kwenye mashavu na karibu na macho, weusi ambao ni vigumu sana kuuondoa. Yaani mtu alikimbia doa dogo la ujauzito, akapata doa la maisha. Kitu cha pili ni steroidi, dawa ambayo daktari huitoa kwa ugonjwa maalumu na kwa siku chache. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, hufanya ngozi iwe nyembamba, ikapata michirizi mipana na kuchubuka kwa kitu kidogo. Vidonda huchelewa kupona, na mama mwenye ngozi ya namna hiyo akihitaji kujifungua kwa upasuaji, mshono wake una taabu. Hizi ndizo tyubu tulizozitaja juu. Ukizipaka kwenye utangotango au mashilingi, mwasho hupoa, unafurahi, na ukungu unaendelea kutambaa chini kwa chini.

Cha tatu ni zebaki. Hii hupenya ngozi, huingia katika damu na kuharibu figo. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Tena haibaki kwa aliyejipaka peke yake: hukaa kwenye taulo, kwenye foronya, kwenye mikono inayomlisha mtoto, na mvuke wake huvutwa na wote wanaolala chumba hicho. Mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kwamba vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni visitengenezwe wala kuuzwa nje baada ya mwaka 2020, na mwaka 2023 wakakubaliana kuviondoa vyote. Tanzania na Kenya zimekwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Hata hivyo sote tunajua vinapatikana, na pengine vinauzwa na jirani tunayekaa naye kikundi kimoja.

Basi soma kopo. Ukiona maneno mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol au betamethasone, liache. Ukiona onyo kwamba usiguse vyombo vya fedha, dhahabu au alumini baada ya kupaka, hiyo ni dalili ya zebaki hata kama haikutajwa. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo liache pia. Na kile kinachochanganywa dukani na kutiwa katika chupa ya maji, hatuna la kusema zaidi.

Tumesema haya bila kuwacheka wanaotumia. Tunafahamu wengine walianza kwa sababu ya neno moja la mume aliyesifia weupe wa mwanamke mwingine wakiwa mezani. Hofu ya mama huyo ni ya kweli, na haiondoki kwa kuambiwa "jikubali". Twaona afadhali amwambie mumewe waziwazi kwamba neno lile lilimchoma, kuliko kununua krimu kwa siri kutoka kwenye fedha ya sukari. Waume wanaousoma ukurasa huu nao, tunajua mpo, maneno ya mezani yanasikika mbali kuliko mnavyofikiri.

Aliyetumia mkorogo kwa mwezi mmoja au miwili anaweza kuacha, akajifunika na jua na kuvumilia. Aliyetumia kwa miaka, hasa wenye steroidi, asiache ghafla peke yake, maana ngozi huweza kuwaka, kuvimba na kutoka vipele vibaya kuliko vya mwanzo, na ndipo wengi hurudia kopo. Aende kliniki ya ngozi katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, achukue na makopo yake, aseme ukweli wote. Mjamzito na anayenyonyesha asingoje.

Na makopo yanayoshukiwa kuwa na zebaki yasichomwe moto kwenye shimo la taka, kwa kuwa moto huigeuza zebaki kuwa moshi unaovutwa na nyumba nzima. Yafungwe vifuniko, yatiwe katika mfuko wa plastiki uliokazwa, na bwana afya wa kata aulizwe pa kuyapeleka. Kopo tupu nalo lisioshwe likageuzwa la kuwekea chumvi.